Hema la Kilwa

Jumapili ile Murhula alinipigia simu mara tatu kabla misa ya pili haijaisha. Mara ya tatu nilitoka nje ya kanisa, nikapokea.

"Kahambu, imefika!"

"Nini imefika?"

"Tente! Kuya nyumbani sasa hivi. Tutaisimamisha kwa parsele, kila mutu aione. Mama amepika samaki ya sambaza."

Hema lake. Nilimwambia sawa, ninakuja. Nikakata simu, nikabaki nimeegemea ukuta wa kanisa kama mtu aliyeletewa habari za msiba. Watu waliokuwa wakitoka walinisalimia, nami nikawajibu bila kujua ninajibu nini.

Murhula ni fundi wa mawe. Nyumba nyingi mpya za Kyeshero, hapa Goma, zile zenye kuta nyeusi za mawe ya volkano, zimepita mikononi mwake. Ndivyo tulivyojuana. Aliingia famasi ninapouza dawa, kidole gumba kimepasuliwa na nyundo, damu inatiririka hadi kwenye kiwiko, na badala ya kulalamika akaniuliza jina langu. Nilimfunga bendeji. Kesho yake akarudi nimbadilishie, kesho kutwa akarudi tena, na kidole kilipopona akaendelea kurudi. Ana macho ya mtu anayesikiliza. Ukimwambia neno, anakutazama kwanza, kimya, mpaka unahisi neno lako lina uzito, ndipo anakujibu. Nilimpenda kabla hajaniomba kitu chochote.

Tangu sekondari alikuwa na hamu moja: kufika Kilwa, pwani ya Tanzania, avuke kisiwani akaone kuta za mawe zilizojengwa na watu wa kale.

"Miaka mia saba, Kahambu, hata zaidi," alikuwa akiniambia. "Chokaa na mawe ya bahari tu, na kuta zingali zinasimama! Miye ukuta yangu ikimaliza miaka kumi, ninamushukuru Mungu."

Safari hiyo ingekuwa yetu ya baada ya harusi. Aliipanga kwa wiki nane katika daftari la kazi, kati ya vipimo vya kuta za watu: basi kutoka Gisenyi hadi Kigali, mpaka wa Rusumo, Dar es Salaam, halafu kusini. Siku tatu za barabara, siku tano za Kilwa. Asubuhi tungetembea kwenye mawe, mchana tungeogelea, na usiku tungelala ndani ya hema mchangani.

Mawe niliyapenda kwa sababu yeye aliyapenda. Bahari niliitamani mwenyewe. Hema ndilo lililoninyima usingizi.

"Tuchukue chumba," nilimwambia mara nyingi.

"Vyumba tuko navyo hapa Goma," alinijibu akicheka. "Juu ya nini hutaki? Unaogopa nyoka?"

"Ndiyo, ninaogopa nyoka."

Huo ulikuwa uongo wa pili. Wa kwanza ulikuwa mkubwa zaidi.

Mimi nimekulia Kibumba, kijiji cha kaskazini mwa Goma. Mababu zangu ni watu wa Butembo, lakini baba yangu, muzee Kasereka, alifika Kibumba akiwa kijana, akalima kabichi na viazi, akaoa, akabaki. Siku tulipokimbia vita tulishuka kwa miguu hadi kambi ya wakimbizi ya Kanyaruchinya. Tuliishi kambini miaka miwili, chini ya turubai lililofungwa juu ya miti. Mama yangu alifia humo. Kambi ilipovunjwa baba alirudi shambani kwake, mimi nikabaki mjini na kazi yangu ya famasi na chumba cha kupanga huko Majengo.

Siku ya kwanza Murhula aliponipeleka kwao, mama yake, Mama Nshobole, aliniuliza kwetu ni wapi. Nilifungua mdomo niseme Kibumba. Lakini dakika chache kabla ya hapo alikuwa ameniambia habari za jirani yake, kijana aliyeoa msichana wa kambini, na jinsi nyumba ile ilivyojaa ndugu wasiokuwa na pa kwenda. "Mutu wa kambi ukimuoa, unaoa kambi yote," alisema, akinimiminia chai. Basi ulimi wangu ukageuka wenyewe.

"Butembo, mama," nilisema. "Papa anafanya biashara kule."

Miezi saba niliupalilia uongo ule. Na sasa zilikuwa zimebaki siku sita. Jumamosi iliyofuata ukoo wa Murhula ungekuja kuzungumzia mahari, na kwa kuwa Butembo ni mbali, tena barabara ni mbaya, Papa Fortunat, mwenye famasi, alikuwa amekubali kunipokelea wageni kwake kama baba yangu mdogo. Baba yangu mwenyewe, aliyekuwa karibu kiasi cha kufikika kwa pikipiki, hakuambiwa kitu.

Nilipoingia kwenye parsele yao, uani, nilimkuta Murhula amekunja mikono ya shati la misa, na mbele yake limetandazwa hema la kijani. Alikuwa amelinunua kwa mtu aliyezoea kuwapandisha watalii mlimani. Dada yake Charline alishika fito mbili bila kujua ipi inaingia wapi. Mama Nshobole na mumewe, muzee Mulumeoderhwa, walikaa barazani wakitazama kama watu waliokuja kuona mpira.

"Bibi ya fundi amefika," Charline akapiga kelele. "Kuya utuokoe!"

"Apana, akae," Murhula alisema. "Leo ni kazi yangu."

Akanitazama, akatabasamu lile tabasamu lake la upande mmoja, nami nikahisi moyo unanipasuka kwa mapenzi na kwa hofu, vyote pamoja.

Ardhi ya Kyeshero ni mwamba tupu wa volkano. Kigingi cha kwanza kilipinda. Cha pili kilirukia kwa muzee barazani. Upepo ukaanza kuvuma kutoka ziwani, mawingu yakashuka, na hema likajaa hewa likaanza kumburuta Charline, ambaye alicheka mpaka akakaa chini.

"Shika ile kamba!" Murhula alisema. "Apana, ile ingine!"

"Ipi? Ziko nne!"

Matone ya kwanza yakaanguka. Hema likapinduka, fito moja ikalia kama inayotaka kuvunjika, nami nikasahau nilikuwa nani mbele ya watu wale. Nilivua viatu. Niligeuza mlango upande usio na upepo. Niliviacha vigingi, nikaokota mawe, nikazungusha kila kamba kwenye jiwe lenye kiuno, nikakaza, nikaweka jiwe la pili juu ya fundo ili lisiteleze. Nilipanga kokoto upande wa juu ili maji yapite pembeni. Nilifanya yote bila kusema neno. Nilipoinua kichwa hema lilikuwa limesimama, limekaza kama ngoma, na mvua ilikuwa bado haijashika vizuri.

Charline alipiga makofi. Muzee akasema, "Oh la la!" Murhula alinitazama kwa mshangao wa furaha.

"Kumbe weye ni mutaalamu! Nani alikufundisha?"

"Skauti," nikasema.

"Skauti wa wapi?" Sauti ilitoka barazani. Mama Nshobole alikuwa hajapiga makofi.

"Wa Butembo, mama."

Alikunja kikwembe chake cha kitenge magotini.

"Butembo ninaijua," alisema polepole. "Nilienda kule kwa ndoa ya rafiki yangu. Udongo ni mwekundu, unaingia mpaka kwa meno. Kigingi unakisukuma na mukono tu. Ni nani kule anafunga tente na mawe?"

Murhula alicheka, akadhani mama yake ananitania, akanishika mkono.

"Mama, mvua! Kuya, Kahambu, tuone kama inavuja."

Akaniingiza ndani, naye akaingia nyuma yangu akivuta zipu ya mlango. Najua alichotaka. Kwa wiki nzima hatukuwa tumepata hata dakika moja bila macho ya watu, na mle ndani, mbele ya mama yake lakini bila kuonekana, alitaka kunibusu tu. Uso wake ulikuwa karibu na wangu, una maji ya mvua kwenye kope. Siku nyingine yoyote ningeufuata uso ule mwenyewe.

Lakini mvua ikashika. Iligonga lile hema kama ilivyokuwa ikigonga turubai letu, na joto la pumzi zetu likajaa, na harufu ya plastiki, nami sikuwa tena Kyeshero. Nilimsikia mama yangu akikohoa upande wa kushoto.

"Fungua," nilisema.

"Ngoja kidogo, chérie."

"Fungua, Murhula. Fungua!"

Alichelewa. Niliivuta zipu kwa mikono miwili, nikatoka kwa magoti, nikasimama katikati ya mvua nikihema. Murhula alinifuata, rangi imemtoka.

"Nimekufanya nini? Kahambu! Sema, nimekuumiza?"

Wote watatu barazani walikuwa wamesimama. Nilielewa ninachoweza kufanya: kusema nyoka, kusema homa, kusema chochote. Lakini nilikuwa nimechoka.

"Mama, miye si mutu wa Butembo," nilisema, na mvua ikanilazimisha nipaze sauti. "Niko mutoto wa Kibumba. Nililala Kanyaruchinya miaka miwili, ndani ya tente. Mama yangu alikufa mule. Papa yangu hana biashara, analima kabichi. Na Papa Fortunat si ndugu yangu."

Muzee Mulumeoderhwa alikaa tena, taratibu.

"Kwa hiyo Jumamosi," Mama Nshobole alisema, "ungetukalisha mbele ya papa wa kuazima?"

"Ndiyo, mama."

"Tungemupatia heshima ya papa yako, tungemuita mukwe, na weye ungekuwa unatuangalia?"

"Ndiyo, mama."

"Mutoto huyu!" Alijishika kifua. "Miezi saba unakunywa chai yangu."

"Siku ya kwanza ulisema mutu wa kambi ukimuoa unaoa kambi yote. Niliogopa."

"Usiniwekee kosa yako mudomoni! Kama ungeniambia ukweli ningekasirika siku moja, ingepita. Sasa nitajuaje ni kitu gani cha kweli juu yako?"

Nilimgeukia Murhula. Maji yalimtiririka usoni na sikuweza kujua kama yote yalikuwa ya mvua.

"Wiki nane," alisema. "Wiki nane ninakusomea ile daftari. Ninakuambia kulala kwa tente ni raha, ni vile, ni vile. Na weye unanyamaza, unanambia nyoka."

"Ungefanya nini kama ningekuambia?"

"Sijui! Sijui, Kahambu. Hukuniacha nijue."

Nilisubiri aseme neno jingine. Alikuwa ananitazama kama kawaida yake, akipima, ila safari hii sikuona huruma mle machoni. Nikaokota viatu vyangu. Charline alinikimbilia na mwavuli hadi kwenye lango, akanitia mkononi bila kusema kitu. Nilitembea hadi barabara ya lami, nikageuka mara mbili. Hakunifuata.

Jumatatu nilimwambia Papa Fortunat kwamba sitamhitaji tena. Hakushangaa sana. "Nilikuwa nimeshaanza kukariri majina ya wajomba zako," alisema, na alipoona sicheki akanipa kazi ya kupanga dawa za kikohozi ili niwe na cha kufanya. Simu haikulia Jumatatu, wala Jumanne, wala Jumatano. Kila pikipiki iliposimama nje ya famasi niliinua uso, na kila mara alikuwa mteja.

Alhamisi niliomba ruhusa, nikapanda taxi-moto, pikipiki ya abiria, kwenda Kibumba. Kulikuwa na mtu mmoja aliyebaki ambaye nilikuwa sijamwambia.

Nilimkuta baba shambani, amevaa koti lake kuukuu la mvua, anang'oa magugu kati ya kabichi. Alifurahi kuniona hadi nikashindwa kuanza. Alinipikia viazi, akanimenyea mwenyewe kama vile bado nilikuwa mdogo. Nilipomaliza kula nilimsimulia yote, tangu chai ya kwanza hadi mvua ya Jumapili, macho yangu yakiwa kwenye sahani.

Baba aliichukua sahani, akaiweka kando.

"Na huyo Fortunat," alisema mwishowe, "anajua kukaa vizuri kwa kiti yangu?"

"Papa, nisamehe."

"Ni mutu mukubwa? Anavaa koti na karavati shingoni?"

"Papa..."

"Niambie tu. Nilitaka kujua ulimuchagua vipi." Sauti yake haikupanda. Kama ingepanda nisingeumia vile, lakini haikupanda. "Miye nilikubeba mugongoni kwa njia ya Kanyaruchinya ulipochubuka miguu. Ulikuwa mutu muzima tayari. Watu walicheka. Sikusikia haya hata kidogo."

Nililia mpaka nikakosa pumzi. Hakunizuia. Baadaye aliweka mkono wake mzito kichwani pangu, akauacha pale.

Tulikuwa bado tumekaa hivyo wakati pikipiki iliposimama barabarani. Nilidhani ni mtu wa kununua kabichi. Kisha nikaona namna anavyotembea, bega moja limeshuka kwa miaka ya kubeba mawe, na nikasimama bila kujua nimesimama.

Murhula alipita kila kitu, hata mimi, akaenda moja kwa moja kwa baba. Aliinama, akamshika mkono kwa mikono miwili.

"Jambo, muzee. Ninaitwa Murhula, mutoto wa Mulumeoderhwa. Papa Fortunat alinionyesha njia."

"Umekuya kufanya nini?"

"Kugombana na mutoto yenu, kama mutaniruhusu."

Baba alimtazama kuanzia kichwani hadi kwenye viatu. "Gombaneni kule kwa kabichi," alisema. "Lakini nitakuwa ninasikia."

Tulitembea hadi mwisho wa tuta. Kulikuwa na baridi, na ukungu ulikuwa umeanza kushuka mlimani. Murhula hakuwa amelala vizuri, nililiona hilo, na nilitaka kumgusa uso, lakini sikuwa na haki tena.

"Sikukasirika juu ya kambi," alianza. "Ulifikiri miye ni nani? Mutu anapima bibi yake na mahali alilala?"

"Mama yako alisema..."

"Miye si mama yangu! Juu ya nini ulimusikiliza yeye, na miye hukuniuliza?" Alipumua. "Kitu kinaniuma ni kingine. Nilikufungia ndani ya ile tente. Nilivuta zipu na mukono yangu, ninacheka. Na ulikuwa umeniacha nikufanyie vile. Ungenizuia na neno moja."

"Sikuwa na lile neno."

"Ulikuwa nalo. Ulinipatia Jumapili mbele ya watu wote."

Hilo lilinichoma, kwa sababu lilikuwa kweli. "Nilifikiri ukijua utaniangalia kama vile watu wanaangalia watu wa kambi," nilisema. "Wanaongea polepole. Wanakupatia nguo zao za zamani. Weye uliniangalia kama mutu mwenye hana shida. Nilipenda vile unaniangalia. Sikutaka iishe."

Alinitazama. Muda ulipita, na nikavumilia macho yale bila kuinamisha yangu.

"Haijaisha," alisema, sauti imekwaruza. "Nimejaribu siku nne iishe. Imekataa."

Nilimkumbatia pale pale, mbele ya baba yangu na kabichi zake. Alinuka vumbi la mawe.

"Tente nimeirudisha," aliniambia sikioni. "Tutachukua chumba Kilwa. Cha mulango ya mbao na ufunguo. Nimeshaandika."

Nikajitoa kifuani mwake. "Nani alikutuma uirudishe?"

"Si umesema..."

"Umepanga tena peke yako! Kwanza ulipanga juu ya furaha, sasa unapanga juu ya huruma. Leta hiyo daftari."

Alilitoa mfukoni, amepigwa na butwaa. Tukakaa kwenye ukingo wa tuta, nikachukua kalamu. Kwa mara ya kwanza ile safari ilikuwa yangu pia. Nilifuta siku moja ya Dar es Salaam. Nilitaka siku mbili nzima za kisiwani, niyaone mawe asubuhi na niyaone tena jua likiwa juu. Nilitaka anifundishe kuogelea mahali ambapo maji hayazidi kiuno. Siku nne tulale chumbani. Kwenye usiku wa tano niliandika neno hema, kalamu ikasita.

"Hapana lazima," alisema.

"Ninajua. Nataka kujaribu mara moja, kwa muchanga, mulango wazi. Nikishindwa saa yoyote ile, tunatoka tunaenda chumbani, na hutaniuliza kitu."

"Sitauliza. Na ile tente nitaifuata tena."

"Na hutavuta zipu."

"Miye sitagusa zipu maisha yangu yote," alisema, na tukacheka, wote wawili, kicheko cha watu waliotoka kwenye homa.

Lakini tulipomrudia baba hakuwa anacheka.

"Mama yako anasema nini?" alimwuliza Murhula.

Murhula aliinamisha kichwa. "Anasema Jumamosi haendi popote, muzee. Lakini papa yangu anakubali kukuya. Baba yangu mudogo atakuya naye. Tutakuya hapa Kibumba, bila yeye."

"Basi musikuye."

"Papa!" nilisema.

"Kahambu, nyamaza. Mutoto yangu alidanganya, ni kosa yake, na kosa yake ni yangu. Lakini sitamupeleka kwa nyumba yenye mama mwenye nyumba alifunga mulango. Nilishaona vile bibi anaishi kwa nyumba ya namna ile. Mutu alidanganya aende alombe musamaha yeye mwenyewe. Akikataliwa, tutajua."

Kesho yake, Ijumaa, nilienda Kyeshero peke yangu. Murhula alitaka kunisindikiza, nikakataa.

Mama Nshobole alikuwa jikoni nyuma ya nyumba, anachagua maharage kwenye ungo. Aliniona, akaendelea kuchagua. Nilipiga magoti kwenye saruji.

"Mama, nimekuya kulomba musamaha."

"Simama. Utachubuka."

Sikusimama. Alitupa jiwe dogo, akatupa jingine.

"Sijakusamehe," alisema. "Nisikudanganye, sisi wawili tumeshadanganyana vya kutosha. Nikikuangalia nasikia hasira hapa." Alijigusa kooni. "Jumamosi ni kesho. Nani atasema kwenu?"

"Papa, mama. Papa yangu wa kweli. Na jirani wawili wanaume."

"Na wanawake?"

"Hakuna."

"Vipi hakuna? Mama mudogo? Shangazi?"

"Walitawanyika tulipokimbia. Hatujui wako wapi."

Mkono wake ukapunguza mwendo. "Mama yako alipokufa, nani alimuosha?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza hilo, hata Murhula.

"Miye. Papa alishika mulango wa tente watu wasione. Maji ilikuwa bidoni moja tu, dumu ndogo. Nilianza na uso, na ilipofika miguu ilikuwa imeisha. Nilimaliza na kikwembe kilichokuwa kimelowa."

"Peke yako?"

"Peke yangu, mama."

Aliweka ungo chini. Alitazama ukuta wa jiko, kisha mikono yake, akaifuta kwenye nguo ingawa haikuwa na kitu.

"Musichana hachumbiwi na wanaume wakiongea peke yao," alisema hatimaye, kwa ukali, kana kwamba nilikuwa nimembishia. "Haifanyike. Kwetu haifanyike, na kwenu ninajua haifanyike. Murhula ana papa, ana babazake wadogo, ana Charline ya kupiga kelele. Yeye watu wanamutosha." Alinyoosha kidole. "Kesho nitapanda ile motokari pamoja nao. Tukifika Kibumba nitashuka, nitavuka, nitakaa upande wenu."

"Upande wetu?"

"Usifurahi! Nitalomba ng'ombe mpaka bwana yangu alie. Na kama papa yako ataogopa kulomba, nitalomba miye."

Nilifunika uso kwa mikono. Sikujua kama nilikuwa nacheka au nalia, na nadhani hata yeye hakujua, kwa sababu alinishika bega, si kwa upole sana, akanivuta nisimame, akanikalisha kwenye kigoda kilichokuwa kando yake. Akaweka ungo wa maharage katikati yetu.

"Nitakaa pale nikisema kwa niaba ya mutu sikumujua," alisema. "Wataniuliza. Nisikose la kusema. Mama yako aliitwa nani?"

"Kahindo," nilimwambia.

"Kahindo," alirudia, akilijaribu jina mdomoni. "Haya. Nieleze Kahindo alikuwa mutu wa namna gani. Anza mwanzo, na usiniongezee hata neno moja."